Kodi ya Sukari Nyumbani kwa Mama

Kwa mama yangu, pale Butiama, mgeni hafiki mikono mitupu. Ndivyo tulivyolelewa. Ukienda kumsalimia mtu mzima unabeba kilo ya sukari, au mkate, au soda kwenye mfuko, na ukibeba vyote hivyo watu watakuzungumzia vizuri kwa muda mrefu. Mama ametuzaa wawili tu, mimi na kaka yangu, lakini ana wageni kama mtu mwenye watoto kumi. Alifundisha kwaya kanisani tangu sijaanza shule, na vijana waliopita mikononi mwake wametawanyika Musoma, Bunda na kwingineko. Kila anayerudi likizo lazima apite kumwamkia. Kwa hiyo kabati la mama halikukosa sukari. Hakuwa anainunua, ilikuwa inakuja yenyewe.

Sukari hiyo naijua vizuri, kwa sababu nyingi ilitoka kwangu. Nina duka la rejareja Musoma mjini, karibu na mwalo wa Mwigobero, na magari ya Butiama hayapakii mbali na hapo. Mtu anaingia, ananiambia, "Dada, nipe sukari na mkate, napandisha nyumbani, nitapita kwa mama yako." Namfungia, nampa chenji, namwambia amsalimie. Mama akipokea zawadi kule, mimi nimeshaiuza huku. Wote tulikuwa tunafurahi.

Kisha mama akaanza kulalamika kiu na miguu kuwaka moto, tukampeleka hospitali Musoma. Wakampima. Nesi aliyekaa naye alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka.

"Mama, sukari yako iko juu," akamwambia. "Chai unaweka vijiko vingapi?"

"Sijawahi kuhesabu. Ninawekaga mpaka naona imekolea."

"Na soda?"

"Soda sinunui."

"Sikuuliza kama unanunua, mama. Unakunywa?"

Mama akanitazama mimi, halafu akamrudia nesi. "Nikiletewa ninakunywa. Mtu ametoka mbali na soda yake, utamwambia aondoke nayo?"

Tulirudi na dawa, pamoja na maelekezo: apunguze sukari, soda na mkate mweupe, aongeze mboga za majani, samaki, maharage, atembee, afanye kazi ndogondogo za mikono. Wiki ile ile walikuja wageni wa kumpa pole ya ugonjwa. Walikuja na sukari.

Kaka yangu anafundisha uraia katika shule ya sekondari Bunda. Alipofika Jumamosi tulikaa sebuleni sisi watatu. Mimi nilitaka tuwaambie watu waziwazi kwamba mama haruhusiwi vitu vitamu. Mama akakataa kabisa.

"Nimwambie mtu asiniletee zawadi? Watasema nimeanza kuringa. Na wengine watasema nataka pesa badala yake."

"Basi tutavigawa wakishaondoka," nikasema.

"Nani atavigawa? Wewe uko Musoma. Mimi nikibaki na soda humu ndani peke yangu, itaisha tu."

Alisema kweli, na tulicheka, lakini tatizo lilibaki pale pale.

Ilikuwa ni kipindi cha bajeti, na redio ya mama huwa haizimwi. Kwenye habari wakasema ushuru wa vinywaji baridi umepanda. Mimi nilikuwa nimeshaziona dalili zake dukani. Muuzaji wa jumla alikuwa amepandisha kreti, nami nikapandisha chupa, na wateja walikuwa wananilaumu kana kwamba mimi ndiye niliyesimama bungeni. Kinyozi wa jirani, ambaye kila mchana alikuwa anachukua soda na andazi, alihamia kwenye maziwa mgando ya mama anayeuza pembeni yangu. Watoto wa shule wao walihamia kwenye barafu za rangi, ambazo sioni zimewasaidia nini.

Nilipowasimulia hayo, kaka akakaa vizuri kwenye kiti, kama yuko darasani. "Ndiyo kazi ya kodi ya namna hiyo. Siyo kukusanya hela tu. Wanataka mtu akiwa ameshaishika ile chupa afikirie kidogo, labda airudishe achukue kitu kingine."

Mama akauliza, "Kwa hiyo hawajakataza?"

"Hawajakataza, mama. Anayetaka anakunywa. Ila analipia usumbufu."

Mama akawa anapindapinda ncha ya kanga yake. Kisha akasema, "Na mtoza kodi anakuwa nani?"

"Serikali."

"Hapa nyumbani nani serikali?"

Kaka akanitazama. Mimi nikasema, "Ni wewe, mama."

Hapo hapo akatunga sheria. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho baba, alipokuwa hai, alikuwa anafungia ndama. Kilikuwa na mbolea ya kutosha na magugu ya kutosha. Mama akasema anataka pawe bustani ya mchicha, mgagani na majani ya maboga. Mgeni yeyote akija na sukari, soda au mkate, atakaribishwa vizuri, zawadi itapokelewa kwa mikono miwili, halafu kabla ya chai atakwenda kulima mstari mmoja au kumwagilia. Atakayekuja na samaki, dagaa, matunda, karanga au maziwa ataingia ndani moja kwa moja na kupewa kiti chenye mto.

"Hutamwambia mtu asilete," akasema. "Alete tu. Jembe lipo."

Wa kwanza kulipa alikuwa kaka mwenyewe. Jumamosi iliyofuata alishuka kwenye gari amevaa shati jeupe, kwapani ana mkate mrefu. Alikuwa ameununua kwa mazoea tu, alisema, mkono ulikwenda wenyewe. Mama aliupokea, akashukuru, akamwombea baraka, kisha akamwambia, "Mwalimu, jembe liko nyuma ya jiko." Alilima huku amefunga kanga ya mama kiunoni ili asichafue suruali, na wanafunzi wake wa zamani wawili waliokuwa wanapita njiani walisimama kumwamkia kwa adabu kubwa wakati anapambana na mizizi ya magugu.

Habari zilienea upesi. Watu walizipenda. Vijana wa kwaya ya zamani walikuwa wanakuja na soda kwa makusudi, wanalima huku wanaimba, mama amekaa kwenye kigoda anawasahihisha sauti ya tatu. Bustani ikalimika yote. Mchicha ukaota. Soda zilizoletwa mama alikuwa anawafungulia walimaji wenyewe, hivyo zikawa zinaisha kabla hazijafika kabatini.

Shida ilianza na mume wangu.

Mume wangu ni fundi wa injini za boti pale Mwigobero. Tangu alipolipa mahari hajawahi kufika kwa mama mkwe bila kreti nzima ya soda. Kwake ile ni heshima, na sikuweza kumweleza chochote akanielewa. Na kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Wanasalimiana kwa mbali, hawatazamani sana usoni, wala hawali meza moja. Sasa ilipofika Jumapili yake, akateremsha kreti mlangoni na kuamkia, mama aliingia chumbani akaniita kwa sauti ndogo.

"Nitamtozaje mkwe wangu? Nitamwambiaje mume wa mwanangu ashike jembe?"

"Basi msamehe," nikasema.

"Nikimsamehe yeye, kaka yako atasema nini? Amelima mpaka akatoka malengelenge."

Mwishowe alisimama nyuma ya pazia na kusema kwa sauti ya kusikika sebuleni, kama anayeongea na mimi, "Mwambie baba watoto, kama hatojali, akaiangalie ile bustani imefikia wapi."

Mume wangu si mjinga, na habari ya kodi alikuwa ameshaisikia. Akavua viatu, akavua koti, akaenda. Tulikaa tukingoja arudi. Hakurudi. Chai ikapoa. Nilipokwenda kumwangalia nilikuta amemaliza mstari wake na wa mtu mwingine, na sasa alikuwa anachimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua. Yeye alikulia Mugeta, kwenye mashamba na ng'ombe, na tangu ahamie mjini mikono yake ilikuwa haigusi kitu ila vyuma na mafuta machafu. Alikuwa amelowa jasho, anatabasamu peke yake.

"Udongo huu mzuri sana," akaniambia. "Mwambie mama wiki ijayo nitakuja tena."

Akaja tena, na kreti. Na wiki nyingine tena. Mimi ninamuuliza njiani kwa nini asichukue samaki, yeye ndiye anayeshinda ziwani, ananijibu, "Nikichukua samaki nitakaa kwenye kiti chenye mto. Nitafanya nini kwenye kiti?"

Mama akaona kodi yake imegeuka raha. Kreti zilikuwa zinarundikana, na zile soda zilikuwa nyingi kuliko walimaji. Akampigia simu kaka, ambaye alicheka mpaka akashindwa kujibu. Mama akaamua mwenyewe. Jumapili iliyofuata, mkwe alipoteremsha kreti, sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mwambie baba watoto bustani leo imepumzika. Kuna maharage hapo kwenye ungo, yana mawe."

Mume wangu alikaa barazani akachambua maharage mchana kutwa. Vidole vilivyozoea spana vilikuwa vinashindwa kuokota vijiwe. Alikuwa anahema kama anabeba mzigo. Tangu siku hiyo akaanza kuleta samaki: sato akiwapata, na siku nyingine furu waliokaushwa, ambao mama anawapenda kuliko wote. Akishaingia na kukaa kidogo kwenye kiti chenye mto, anaomba ruhusa ya kwenda kunyoosha miguu. Wote tunajua ananyooshea wapi. Mama akamwachia.

Nisiseme kwamba serikali yenyewe ilikuwa haina kasoro. Siku moja nilikwenda Kiabakari kuchukua karanga za dukani kwa mkulima mmoja. Nikiwa navuka barabara nikamwona mama, amekaa kwenye benchi la kibanda, kanga imefunika nusu ya uso, ana soda ya machungwa na mrija. Alikuwa ametoka Bunda kumwona kaka, anasubiri gari la kwenda nyumbani.

"Shikamoo, mama."

Alishtuka, lakini hakuuachia mrija mpaka alipomeza. "Marahaba. Umetokea wapi wewe?"

"Nimefuata karanga. Na hiyo?"

"Jua kali."

Nikakaa karibu yake. Muuza kibanda alikuwa anatuangalia. Mama akaiinua ile chupa, akaitazama, ilikuwa imebaki robo. Akanisogezea. "Malizia wewe. Na usimwambie kaka yako."

"Kodi je?"

"Nitalima," akasema. "Nimesema nitalima. Nani atanitoza kama sijitozi mwenyewe?"

Nilipompigia simu kesho yake kumjulia hali, aliniambia mgongo unamuuma kidogo kwa sababu ya palizi. Sikuuliza zaidi.

Jambo ambalo sikulitegemea lilikuwa la rafiki yake. Mama ana rafiki wa siku nyingi, mjane, anaishi bondeni upande wa pili wa kanisa. Walibatizwa siku moja. Huyo bibi hana mtoto mjini wa kumtumia kitu, analima kashamba kake ka muhogo, na kila alipokuja kwa mama alikuwa anakuja na sukari kidogo, ya kupima, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Siku moja alipofika mama alikuwa kanisani, akamkuta kaka. Kaka, katika utani wake, akamwonyesha ndoo. Bibi yule akabeba ndoo ya maji na goti lake bovu, akamwagilia, akaaga. Hakurudi tena.

Mama alihesabu Jumapili zikipita. Mwisho akaniambia, "Twende ukanisindikize."

Tulimkuta anamenya muhogo mlangoni. Alitukaribisha, akatupa vigoda, lakini hakuwa na ile furaha yake. Mama hakuzunguka.

"Umenisusa?"

"Sijakususa. Nimezeeka tu, mlima unanishinda."

"Mlima ni ule ule."

Yule bibi akaendelea kumenya. Halafu akasema taratibu, bila hasira, "Wenye samaki wanaingia ndani, wanapewa kiti. Mimi sina mtu wa kunipa sato. Nina hiyo sukari ya kupima, na ninainunua kwa shida. Nikifika nayo ninabebeshwa maji. Nikasema basi, hadi nipate cha kuingilia."

Mimi mwenyewe nilikumbuka wateja wangu wa dukani, wale wanaonunua sukari ya kijiko kwenye karatasi, ambao bei ikipanda hawahamii kwenye maziwa wala matunda. Wanapunguza tu, au wanaacha.

"Ile sheria niliitunga kwa ajili ya watu wenye magari," mama akasema mwishowe. "Sikukufikiria wewe. Nilikosa."

"Hujakosa. Mwanao ndiye mtani."

"Mwanangu ni mtani, lakini sheria ni yangu."

Mama akaomba kisu, akachukua muhogo akaanza kumenya naye. Walipofika katikati ya rundo, akasema kuanzia siku ile anayekuja mikono mitupu ndiye atakayepewa kiti cha kwanza.

"Nije kwako mikono mitupu?" rafiki yake akasema. "Kama mtu anayekuja kudai deni?"

"Njoo kama mtu anayekuja kunisalimia. Na ukirudi utabeba mchicha, maana mimi siwezi kuumaliza."

Bibi yule hakukubali pale pale. Lakini alituchemshia uji wa ulezi, akautia ukwaju, na alipotaka kuongeza sukari mama alifunika kikombe kwa kiganja. Yule bibi akamwangalia, akairudisha sukari kwenye kopo, akanywa wake bila sukari pia. Akakunja uso. Mama akacheka, naye akacheka, ndipo nikajua mambo yamekaa sawa. Jumapili iliyofuata alikuja, amebeba mihogo miwili mibichi ili asije mikono mitupu kabisa, na alirudi na mafungu ya mchicha hata majirani zake wakapata. Siku hizi naye ana tuta lake la mgagani nyuma ya nyumba.

Baada ya hapo na mimi nilibadilisha kidogo duka. Soda nilizihamishia nyuma, mezani mbele nikaweka karanga, ndizi, dagaa waliochambuliwa na mafungu ya mboga kutoka kwa mama, na nikapunguza faida yangu kwenye hivyo vya mbele. Siwezi kusema Musoma imeacha soda. Wengi bado wananiambia, "Nitolee hiyo ya nyuma huko." Lakini mtu akija kununua sukari ya kupeleka Butiama ninamuuliza, "Una nguvu za kulima?" Wengine wanacheka wananunua hivyo hivyo. Wengine wanashika fungu la dagaa.

Mara ya mwisho tuliyompeleka mama kliniki, nesi ni yule yule. Alisoma kipimo, akasoma tena, akasema kimeshuka vizuri, aendelee hivyo hivyo na dawa asiache. Mama akamweleza habari ya kodi tangu mwanzo, mkwe na maharage yake pamoja, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi la pili wakasogea kusikiliza. Mzee mmoja akauliza kama mtu anaweza kumtoza mke wake kodi hiyo. Nesi akajifuta machozi ya kicheko na kumwita mgonjwa mwingine.

Tulipokuwa tunatoka mama akageuka mlangoni.

"Nesi, muwa je?"

"Muwa una sukari, mama."

"Muwa ni kama mti. Unatafuna, unatema."

"Kidogo sana, mama. Siyo kila siku."

Njiani kuelekea stendi kulikuwa na kijana anauza miwa iliyokatwakatwa kwenye toroli. Mama akapunguza mwendo. Akaniuliza, kwa maoni yangu mimi kama mtu wa biashara, kidogo sana ni vipande vingapi. Nikamwambia kimoja. Akasema kimoja ni cha kuonja, kidogo sana lazima viwe viwili. Tukabishana mpaka kijana wa toroli akachoka kutusubiri, akamkatia kimoja kirefu.